Mlo wa maelfu Kericho: Je, mgeni hupata thamani ya pesa zake?

MVUA ya Kericho haibishi hodi. Karibu kila alasiri mawingu hukusanyika juu ya msitu wa Mau, na muda si mrefu wageni waliokuwa wameketi kwenye baraza la hoteli hukimbilia ndani wakiwa wamebeba vikombe vyao. Huko ndani hukuta meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, glasi tatu mbele ya kila kiti, na orodha ya vyakula ambayo bei zake huwafanya baadhi yao kuifunga na kuifungua tena ili kuhakikisha kwamba wamesoma sawasawa.

Swali ambalo wageni hao hujiuliza si geni. Je, kuna haja ya kulipa maelfu ya pesa kwa mlo mmoja katika eneo ambalo sahani ya ugali, nyama na mboga hupatikana kando ya barabara kwa mia chache tu? Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, swali hilo lina uzito wa pekee. Yule anayeuziwa mlo huo huwa ameketi akitazama zao lililomzunguka pande zote, na waliolipanda na kulichuma hawawezi kuketi katika meza iyo hiyo bila kujinyima.

Hoteli za kifahari hazikuzuka hapa kwa bahati. Kilimo kikubwa cha chai kilianza Kericho katika miaka ya 1920, pale kampuni za Uingereza za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba yao. Katika miaka ya 1950, Brooke Bond ilijenga Tea Hotel mjini Kericho, yenye bustani pana nyuma na mashamba ya chai upande wa chini. Hoteli za aina hiyo zililenga mameneja, wageni wa kampuni na wasafiri waliokuwa njiani kuelekea Kisumu. Chakula kilikuwa cha Kiingereza: supu, nyama ya kuoka kwa viazi, na kitindamlo cha maziwa na mayai.

Urithi huo haujatoweka. Hadi leo hoteli nyingi za hadhi ya juu katika maeneo ya mashambani nchini hupima ubora wa mlo kwa umbali ambao chakula kimesafiri. Samaki wa bahari kutoka Mombasa huandikwa kwa herufi kubwa ilhali sato wa Ziwa Victoria yuko umbali wa kilomita 80 hivi, mjini Kisumu. Jibini hutoka ng'ambo katika eneo ambalo maziwa ya Sotik na Bomet hukusanywa kila alfajiri. Viazi vya Bomet hununuliwa, kisha hukaangwa kama vibanzi na kuhesabiwa kuwa kitu kidogo cha kuandamana na nyama.

Ili kuelewa iwapo bei ni ya haki, yafaa kwanza kufahamu inavyogawanyika. Chukulia mlo wa mtu mmoja unaouzwa kwa Sh5,000, ushuru ukiwa umejumuishwa. Ndani yake mna VAT, yaani ushuru wa ziada ya thamani, wa asilimia 16, pamoja na ada ya utalii ya asilimia mbili inayotozwa hoteli na mikahawa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Hizo mbili pekee huchukua takriban Sh760. Kinachosalia ni kama Sh4,240.

Katika biashara ya mikahawa, kanuni ya kawaida ni kwamba malighafi ya jikoni isizidi theluthi moja ya mapato. Kwa hivyo, katika mlo huo, chakula chenyewe huenda kiligharimu Sh1,400 au chini ya hapo. Theluthi nyingine huelekea kwenye mishahara. Iliyobaki hulipia stima na jenereta, kuni za kuotea moto jioni, ufuaji wa vile vitambaa vyeupe, mkopo wa benki, na meza tupu za siku za wiki ambazo hakuna mgeni aliyefika. Jambo hilo la mwisho husahaulika mno. Mkahawa wa hoteli iliyo kilomita 260 kutoka Nairobi hujaa Pasaka na Desemba, lakini mpishi wake hulipwa hata mwezi wa Mei.

Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye hoteli anapora. Hata mikahawa mashuhuri kabisa duniani huhangaika. Mnamo Januari 2023, mpishi René Redzepi wa mkahawa wa Noma nchini Denmark, uliotajwa mara tano kuwa bora zaidi duniani, alitangaza kwamba mtindo huo wa biashara hauwezi kuendelea. Ikiwa mahali ambapo watu walisubiri miezi kadhaa kupata meza palishindwa kupiga hesabu zikakubaliana, mtu asishangae kusikia meneja wa hoteli ya milimani akilalamika.

Hata hivyo, gharama ya muuzaji haimpi mnunuzi thamani. Mgeni hali mkopo wa benki. Anachopaswa kuuliza ni iwapo kilichomo mezani ni kitu ambacho asingeweza kukipata kwingine. Na hapa ndipo hoteli nyingi za nyanda za chai hujikwaa, tena katika kitu ambacho hakuna mtu angetarajia: chai yenyewe.

Kiasi kikubwa cha chai ya Kenya hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, ambapo mashine huponda, huchana na kuviringisha majani mpaka yawe punje ndogo. Chai hiyo hutoa rangi upesi na huwa kali, na ndiyo sababu hupendwa na kampuni zinazochanganya chai za nchi mbalimbali kabla ya kuzifunga katika vifuko. Ni chai iliyoumbwa kwa ajili ya maziwa. Jikoni kwa Mkipsigis yeyote, hutiwa katika sufuria pamoja na maji, maziwa na sukari, ikachemka hadi inataka kumwagika.

Mkahawa wa kifahari hufanya kinyume. Humletea mgeni birika la maji ya moto na kifuko chenye uzi, maziwa baridi yakiwa kando. Katika mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa yamefikia nyuzi 93 tu, wala si 100 kama ilivyo Mombasa. Yakishapitia birika la kauri na mwendo wa kutoka jikoni hadi mezani, huwa yamepoa zaidi. Matokeo ni kikombe cha chai hafifu katikati ya mashamba ya chai. Mama wa kibanda cha Litein, mwenye sufuria yake na jiko la makaa, humpiku mpishi mkuu bila hata kujua kwamba wanashindana.

Si lazima iwe hivyo. Kericho ndicho kitovu cha utafiti wa chai nchini. Watafiti wake ndio waliotoa mwaka wa 2011 aina ya chai ya zambarau, ambayo majani yake yana rangi ya divai na kinywaji chake hubadilika rangi kinapotiwa limau. Vilevile kuna viwanda vinavyotengeneza kiasi fulani cha chai kwa mtindo wa zamani wa kuviringisha majani bila kuyaponda, chai ambayo hunywewa bila maziwa. Hoteli inayomwekea mgeni vikombe vitatu, cha kwanza chai ya zambarau, cha pili ya kuviringishwa, cha tatu ya sufuria yenye maziwa ya asubuhi hiyo, tena ikamweleza kila moja imetoka kiwanda gani, ina haki ya kumtoza pesa nzuri.

Gharama yake kwa hoteli ni ndogo ajabu. Kilo moja ya chai iliyokaushwa hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, na kikombe kimoja huhitaji gramu mbili tu. Hiyo ni sawa na gramu tisa za majani mabichi. Hata mkulima akilipwa jumla ya Sh50 kwa kila kilo, bonasi ikiwemo, sehemu yake katika kikombe hicho ni senti 45. Kikombe kikiuzwa kwa Sh300 ama Sh400, mtu aweza kujifanyia hesabu.

Chakula nacho kina kisa kama hicho. Wakipsigis wana mursik, maziwa yanayochachushwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, hadi yanakuwa na madoa ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo maziwa wanariadha hunyweshwa uwanja wa ndege wanaporejea na medali. Wana kimyet, ugali wa wimbi, na mboga za saga na managu zinazolazwa katika maziwa ili uchungu upungue. Kazi ya kuchachusha kwa siku nyingi, kwa moshi na kwa mkaa, ndiyo hiyo ambayo mikahawa ya Ulaya huisifu na kuitoza pesa nyingi. Ajabu ni kwamba katika hoteli nyingi vyakula hivyo huandaliwa wafanyakazi, au hupakuliwa siku moja kwa wiki chini ya bango la "chakula cha kienyeji".

Kuna ushahidi nchini kwamba kinyume chake hulipa. Mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1980, ulijengewa juu ya nyama choma, chakula ambacho kila Mkenya alikijua. Mnamo 2002 na 2003 ulitajwa miongoni mwa mikahawa 50 bora duniani. Haukufika huko kwa kuiga meza za Paris.

Suala hili halihusu ladha pekee. Mashamba makubwa yamekuwa yakipunguza wachumaji na kuleta mashine, na hasira ililipuka Mei 2023 pale waandamanaji Kericho walipoziteketeza baadhi ya mashine hizo. Wakulima wadogo wa magharibi mwa Bonde la Ufa, kwa upande wao, wamelalamika mara kwa mara kwamba bonasi yao ni ndogo ikilinganishwa na ya wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya. Katika hali hiyo, utalii wa chai hutajwa kila mara kuwa tumaini la ajira. Lakini hoteli inayonunua nyama Nairobi na jibini ng'ambo huacha kijijini mishahara tu. Inayonunua kuku, mboga, asali na maziwa kwa jirani huacha mengi zaidi katika kila sahani.

Hata mandhari ambayo mgeni huyalipia yana wenyewe. Wakipsigis na Watalai wanadai kwamba waliondolewa kwa nguvu katika ardhi hiyo enzi ya ukoloni ili kupisha mashamba ya chai, na mwaka wa 2022 walifikisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mhudumu anayemwonyesha mgeni vilima hivyo kupitia dirishani huenda ni mjukuu wa mmoja wao.

Mzigo huwa mzito zaidi kwa wenyeji. Ni desturi siku hizi kwa kijana wa Bomet aliyepata kazi mjini kutaka kuwatoa wazazi wake Desemba. Watu wanne kwa Sh5,000 kila mmoja ni Sh20,000. Iwapo baba yake hulipwa Sh25 kwa kilo kila mwezi kabla ya bonasi, huyo ni mzee ambaye angelazimika kupeleka kilo 800 za majani katika kituo cha kununulia chai. Mchumaji hodari wa kilo 40 kwa siku angezichuma kwa siku 20. Wazee hujua hesabu hiyo vyema kuliko mwana wao, na wengi hula wakiihesabu. Pale ambapo sahani ni kubwa na chakula ni kidogo, hurudi nyumbani kupika ugali.

Hilo halimaanishi kwamba kijana huyo amekosea. Kuna wazee waliopita nje ya lango la hoteli kwa miaka 40 wakiwa na kikapu cha chai mgongoni, na kuketi ndani mara moja na kuhudumiwa kwa heshima ni kitu ambacho hakipimwi kwa kilo. Ila heshima hiyo haihitaji mlo wenye sehemu tano. Kabla ya kuweka nafasi, ni busara kupiga simu na kuuliza mambo machache: nyama na mboga zinatoka wapi, je, mursik hupatikana au sivyo, je, bei iliyotajwa imejumuisha ushuru na ada ya huduma, na ada hiyo ya huduma huwafikia wahudumu? Hoteli inayojivunia jiko lake hujibu papo hapo. Inayosema itapiga simu baadaye imekwisha kujibu.

Na kwa anayetaka baraza na vilima pekee, chai ya alasiri huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya chakula cha jioni, katika viti vivyo hivyo. Afike saa nane, kabla ya mawingu, aagize iliyochemshwa kwa sufuria hata kama haimo katika orodha. Mvua ikianza atahamia ndani na kikombe chake, karibu na moto, wala hakuna atakayemwongezea bili.