Kolostomia na Maji: Namna ya Kujipangia Saa ya Haja

Msimu wa kupandikiza mpunga, mkulima wa Kilangali, wilayani Kilosa, hushinda ameinama ndani ya jaruba tangu alfajiri. Aliyefanyiwa upasuaji wa kolostomia, yaani aliyetolewa sehemu ya utumbo mpana kupitia tundu kwenye ngozi ya tumbo ili kinyesi kipitie hapo, anaweza kuifanya kazi hiyo baada ya kupona na kuruhusiwa na daktari. Mara nyingi kinachombakiza nyumbani ni hofu: mfuko wa kinyesi utajaa, utavuja, utanuka, na choo kiko mbali. Hofu hiyo humfuata kwenye basi la Morogoro, msikitini, kanisani na hata kitandani kwa mwenzi wake.

Ipo njia inayoweza kuipunguza sana hofu hiyo. Ni kuosha utumbo mpana kwa maji kupitia tundu hilo, kwa saa maalumu, kila siku au kila baada ya siku moja. Anayefaa na aliyefundishwa vizuri anaweza kukaa saa 24 hadi 48 bila kinyesi kutoka. Njia hii ina zaidi ya miaka 80 duniani, lakini wengi wanaoishi na kolostomia hawajawahi kuisikia. Si dawa ya kila mtu, na pia si jambo la kujaribu peke yako.

Kwanza tuelewe kwa nini inafanya kazi. Chakula kikitoka kwenye utumbo mwembamba huwa bado ni majimaji. Utumbo mpana huanzia upande wa kulia wa tumbo, hupanda, huvuka kwenda kushoto, kisha hushuka. Njiani hufyonza maji, hivyo kinyesi kinapofika upande wa kushoto huwa kimeshikamana. Maji ya uvuguvugu yakiingizwa upande huo, utumbo hutanuka, nao hujibu kwa kujikaza na kusukuma nje kila kilichomo. Sehemu iliyobaki tupu huchukua muda kujaa tena, na muda huo ndio uhuru wa mgonjwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tundu limetoka sehemu gani ya utumbo. Wanaofaa ni wenye kolostomia ya kudumu iliyotolewa mwishoni mwa utumbo mpana, kwa kawaida upande wa kushoto chini ya kitovu. Mwenye tundu la utumbo mwembamba hafai kabisa, kwa sababu uchafu wake ni majimaji na hutoka wakati wote. Tundu la upande wa kulia au la katikati nalo kwa kawaida halifai.

Hapa Tanzania kolostomia hufanywa kwa sababu nyingi: saratani ya utumbo mpana, utumbo kujisokota, ajali, majeraha ya kisu au risasi, fistula kati ya uke na njia ya haja kubwa, na watoto kuzaliwa bila tundu la haja. Nyingi kati ya hizo ni za muda, na hufungwa baada ya miezi kadhaa. Mwenye tundu la muda kwa kawaida hana haja ya kujifunza kuosha. Wanaonufaika zaidi ni walioondolewa njia ya haja kubwa kabisa, hasa kwa saratani, ambao wataishi na tundu hilo maisha yao yote. Na maisha hayo yanaweza kuwa marefu. Mwaka 1793, mjini Brest, Ufaransa, daktari Duret alimtolea tundu mtoto wa siku tatu aliyezaliwa bila njia ya haja, na mtoto huyo aliishi hadi miaka 45.

Wapo pia wenye tundu la kushoto ambao hawapaswi kuoshwa: wenye ngiri pembeni ya tundu, ambao tundu lao limechomoza sana au limesinyaa na kuwa jembamba, wenye vidonda au uvimbe sugu wa utumbo, na wanaoharisha. Wenye moyo au figo dhaifu wako hatarini, kwa kuwa utumbo hufyonza sehemu ya maji yanayoingizwa. Waliopigwa mionzi ya nyonga na walio kwenye dawa za kemikali za saratani wasianze bila ruhusa ya daktari wao. Watoto nao wasubiri uamuzi wa daktari bingwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vifaa ni mfuko wa maji wenye mrija na kifungio, koni laini ya mwisho wa mrija, mkanda, na mfuko mrefu ulio wazi chini unaopeleka uchafu chooni. Koni ina sababu yake: zamani watu waliingiza mrija mtupu, na baadhi yao walitoboka utumbo. Koni huziba mdomo wa tundu bila kuzama ndani. Kwa hiyo asije mtu akachukua mpira wa enema au mrija mgumu akadhani ni kitu kilekile. Utumbo ukitoboka, hiyo ni dharura inayoweza kuua.

Mgonjwa hukaa chooni au kando yake. Mfuko wa maji hutundikwa kwenye msumari, chini yake pakiwa usawa wa bega lake alipokaa. Hewa hutolewa kwanza kwenye mrija. Koni hupakwa kilainishi cha maji na kushikizwa taratibu kwenye tundu, kwa kufuata uelekeo ambao muuguzi alimwonyesha kwa kidole chenye glavu. Siku za mwanzo huanza na takriban nusu lita. Wengi huishia kati ya nusu lita na lita moja, kwa kipimo alichopewa kila mmoja. Maji huingia polepole, dakika 5 hadi 10. Tumbo likinyonga, hufunga maji, hupumua kwa kina na kusubiri litulie. Akitoa koni, kinyesi hutoka kwa mafungu, na kazi yote huchukua kama saa nzima.

Maji yanahitaji uangalifu wa pekee. Yawe safi na salama ya kunywa, kwa sababu utumbo utayanywa kwa namna yake. Kilosa inayajua mafuriko: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo na kuacha maelfu bila makazi. Msimu kama huo maji ya kisima na mtoni huchafuka. Yachemshwe, yafunikwe, yaachwe yapoe mpaka yawe uvuguvugu wa mwili. Yapime kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usiyapime kwenye tundu. Tundu halina mishipa ya kuhisi maumivu, hivyo maji ya moto yanaweza kuliunguza bila wewe kujua. Yakiwa baridi, tumbo litanyonga. Usitie sabuni, chumvi wala dawa ya mitishamba.

Choo cha shimo hakimzuii mtu. Kinachohitajika ni kigoda imara, mfuko mrefu wa kufika kwenye shimo la choo, au ndoo ya kazi hiyo tu yenye mfuniko, na faragha ya saa moja. Chagua saa ambayo familia haigombei choo, kisha uishike saa hiyohiyo kila unapoosha. Utumbo hujifunza ratiba kwa wiki 6 hadi 8. Katika kipindi hicho endelea kuvaa mfuko. Ukishazoea, shashi safi au kifuniko kidogo huweza kutosha.

Faida yake inaonekana hata mfukoni. Mifuko ya kolostomia ni ghali na vijijini haipatikani kirahisi, hivyo wapo wanaofunga nailoni na kitambaa, na ngozi yao hubabuka. Aliyeweza kuosha hutumia mifuko michache, harufu na gesi hupungua, na ngozi hupona. Muislamu aliyefunga Ramadhani afanye kazi hii usiku baada ya kufuturu, na amuulize sheikh wake kuhusu udhuru wa udhu.

Acha mara moja na uende hospitali ukiona maumivu makali, damu nyingi, kizunguzungu kisichoisha, au tundu kugeuka jeusi. Tundu lenye afya huwa jekundu na lenye unyevu.

Mgonjwa wa Kilangali hupelekwa hospitali ya wilaya ya Kilosa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na wengine hufika hospitali za Muhimbili au Ocean Road jijini Dar es Salaam. Somo la kuosha linapaswa kutolewa huko huko na muuguzi au daktari aliyelisomea, mgonjwa akafanya mwenyewe mbele yake, na mmoja wa familia akiangalia. Kwa hiyo, wewe au ndugu yako kabla hamjaruhusiwa kurudi kijijini, ulizeni mambo matatu: tundu limetoka sehemu gani ya utumbo, ni la kudumu au litafungwa, na je, anafaa kufundishwa kuosha kwa maji? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, ili hata mganga wa zahanati ayasome.