Chuma Kilichomo Mkononi Mwangu

Juma lililopita, nilipokuwa nikifuta ubao, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo limenifuata kwa miaka kadhaa: "Mwalimu, hicho chuma kitatolewa lini?" Darasa zima likanyamaza, kana kwamba anayetahiniwa ni mimi.

Mwaka wa 2019 nilianguka kutoka kwenye bodaboda, nikavunjika mfupa wa mkono wa kulia, kati ya bega na kiwiko. Madaktari waliushikanisha kwa bamba la chuma na skrubu nane. Mfupa ukaunga. Tangu hapo kila alionaye kovu langu ana hukumu yake. Mama yangu ndiye hakimu mkuu. "Mwanangu," husema, "kitu cha dukani hakigeuki kiungo. Kitoe kabla hakijakula nyama." Walimu wenzangu nao hunionya kuhusu kutu.

Hilo la kutu ni jepesi. Chuma cha wapasuaji si kile cha msumari wa seremala. Kimechanganywa na kromiamu, ambayo hufanya utando mwembamba wa kuzuia kutu. Na mabamba mengine ni ya titaniamu, ambayo mwili huivumilia vyema. Wapo wachache ambao miili yao huikataa nikeli iliyomo katika chuma, lakini mimi si mmoja wao.

Ugumu niliukuta kwingine. Mwaka wa 2021 nilimwendea daktari wa mifupa nikiwa nimekwisha kukata shauri kwamba chuma kitoke. Aliitazama picha ya eksirei, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, waandika kwa mkono upi?"

Akanieleza kwamba nyuma ya mfupa ule hupita mshipa wa fahamu unaoinua kiganja na kunyoosha vidole. Wakati wa upasuaji wa kwanza mshipa huo ulisogezwa, bamba likapachikwa chini yake. Sasa umezingirwa na kovu, hata si rahisi kuutambua. Ukiguswa vibaya, kiganja hulegea kikaning'inia. Mara nyingi nguvu hurudi baada ya miezi; mara nyingine hazirudi. Mtu wa namna hiyo atashikaje chaki?

Tena, bamba likiondolewa, matundu ya skrubu huachwa wazi, na mfupa huwa dhaifu kwa miezi kadhaa. Wapo waliovunjika tena palepale kwa kuharakia mizigo au mpira. Skrubu nazo huweza kukwama au kukatika vichwa, na kila skrubu hutaka bisibisi inayolingana nayo. Hapo nina lalamiko: nilipoondoka hospitalini mara ya kwanza sikupewa hata karatasi ya kueleza nimetiliwa chuma cha aina gani. Mgonjwa ana haki ya kuidai karatasi hiyo na kuihifadhi pamoja na vyeti vyake vya shule.

Sisemi kwamba chuma kisitolewe kamwe. Kikileta usaha, skrubu ikilegea, au ncha ikichoma ngozi, kitolewe. Kwa mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua, madaktari hukiondoa mara nyingi zaidi. Hata desturi za nchi hutofautiana: Ujerumani na Uswisi kwa miaka mingi zilipendelea kukiondoa mfupa ukishaunga, ilhali Uingereza na Marekani aghalabu hukiacha kwa mtu mzima asiyesumbuliwa. Wanaodhani kwamba daktari anayekataa kupasua ni mvivu, au anayekubali ni mlafi, hawajauelewa uzito wa jambo lenyewe.

Mimi husumbuliwa kidogo. Asubuhi za Julai mkono huuma, na nikilalia upande wa kulia huamka. Daktari aliniambia waziwazi kwamba hawezi kuniahidi kuwa maumivu hayo yataondoka pamoja na chuma. Nikapima: usumbufu wa mwezi mmoja wa baridi, na mkono wa kuandikia. Nikakiacha.

Yote hayo nilimweleza yule mwanafunzi, kisha tukarudi kwenye ngeli. Mama yangu bado hajaridhika. Baridi ikianza hunipigia simu alfajiri, na kabla hata ya kunijulia hali huuliza, "Kimeamka?"