Mtambo Mikononi mwa Nani? Teknolojia, Uchawi na Imani ya Mambo ya Ghaibu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya teknolojia ya kisasa, uchawi na imani ya mambo ya ghaibu. Mifano inayotumika ni telegrafu na redio nchini Marekani na Uingereza, na uvumi wa mumiani katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba imani hizo hazizaliwi na ujinga peke yake. Hutegemea pia nafasi ya mtu mbele ya chombo: mwenye kukimiliki hukiona kuwa mlango wa matumaini, ilhali anayefanyiwa kazi na chombo asichoelezwa hukiona kuwa tishio. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mwezi Oktoba 2016, watafiti wawili wa kilimo pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji katika Kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa wametoka Arusha kwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania kuwa wanyonya damu.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu matukio ya namna hii ni kwamba sayansi haijafika vijijini, na kwamba elimu ikienea, uchawi utatoweka. Maelezo hayo yana upungufu mara mbili. Kwanza, hayaonyeshi kwa nini hofu ikaelekezwa kwa gari na vifaa vya kisayansi badala ya mambo ya kale. Pili, hayaelezi kwa nini imani za ghaibu zilistawi pia katika jamii zilizobuni vyombo hivyo zenyewe.

2.0 Telegrafu, Redio na Roho za Marehemu

Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore. Miaka minne baadaye, huko Hydesville katika jimbo la New York, mabinti wa familia ya Fox walidai kwamba roho ya marehemu ilikuwa ikiwasiliana nao kwa milio ya kugonga. Watu walioamini habari hiyo hawakuona tofauti kubwa baina ya milio hiyo na ile ya mtambo wa Morse. Katika miaka ya 1850 gazeti lao mojawapo mjini New York liliitwa The Spiritual Telegraph, yaani Telegrafu ya Kiroho. Ikiwa neno lingeweza kusafiri bila mjumbe, waliona hapakuwa na sababu ya kaburi kulizuia.

Mfano wa Oliver Lodge una uzito zaidi. Mwanafizikia huyu wa Uingereza alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio, na mwaka 1894 alionyesha hadharani jinsi mawimbi yanavyoweza kupokewa bila waya. Mwanawe Raymond aliuawa vitani mwaka 1915, na mwaka uliofuata Lodge alichapisha kitabu akidai kuwa amepata mawasiliano naye. Haiwezekani kusema kwamba Lodge hakukijua chombo. Alikijua kuliko karibu watu wote wa zama zake. Kwake yeye mawimbi yasiyoonekana yalikuwa mfano wa faraja, kwa kuwa chombo kilikuwa mikononi mwake.

3.0 Mumiani na Vyombo vya Wengine

Afrika Mashariki uhusiano huohuo ulichukua sura nyingine. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na kwanza lilitaja dawa nyeusi mfano wa utomvu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaitaja dawa hiyo, kisha inaongeza kuwa wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Katika enzi ya ukoloni, neno hilo lilihamia kwa watu walioshukiwa kuitafuta damu hiyo. Nairobi na Kampala washukiwa walikuwa wazimamoto.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi huo, anaonyesha kwamba masimulizi yalijaa vifaa: magari, ndoo, sindano na mashimo. Dola ya kikoloni ilileta magari yaliyopita usiku na waganga waliotoa watu damu kwa ajili ya vipimo. Mwananchi aliona damu ikiondoka. Hakuona ilikokwenda, wala hakuambiwa nani angefaidika. Mumiani yalikuwa maelezo yasiyo ya kweli juu ya swali lililokuwa la kweli.

Hali hiyo haikwisha pamoja na ukoloni. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu kusini mwa Malawi ulisababisha mauaji, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha baadhi ya wafanyakazi wake. Wala si jambo la Afrika peke yake. Mwaka 2020 nchini Uingereza minara ya simu ilichomwa moto kwa madai kwamba mtandao wa 5G unahusika na ugonjwa wa korona.

4.0 Athari kwa Utafiti na Sera

Sheria za uchawi zilizotungwa Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928 zinamlenga anayedai au anayedaiwa kuroga. Mwenye chombo hazimgusi. Kibali cha utafiti nacho hupita kutoka ofisi hadi ofisi, na barua inaweza kufika kwa mtendaji bila habari kufika shambani. Kwa hiyo mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, chombo kitangulizwe na maelezo. Mkutano wa kijiji uonyeshwe kifaa, mfuko wa sampuli na mahali sampuli zitakapopelekwa, kwa lugha ya wenyeji. Chamwino, kwa mfano, Kigogo kisiachwe nyuma ya Kiswahili. Pili, matokeo yarudishwe. Udongo uliochukuliwa bila jibu kurudi huacha pengo ambalo uvumi hulijaza. Tatu, uvumi uchukuliwe kuwa taarifa: viongozi wa vijiji waandike maswali yanayoulizwa na kuyafikisha kwa watafiti kabla gari halijaingia.

Mapendekezo haya hayawalaumu waliouawa, wala hayawapi udhuru waliowaua. Mauaji ni jinai.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mifano iliyojadiliwa inaongeza kwamba kiza hicho hakimtishi kila mtu kwa namna moja. Lodge alikiingia akiwa na taa yake mwenyewe. Mwanakijiji huona taa za gari la mgeni zikimjia. Sera inayotaka sayansi iaminiwe haina budi kuanza kwa kumshirikisha mwanakijiji huyo katika taa hiyo.