Je, Wajua? Kiima Kinachosahaulika katika Kiingereza cha Wahispania

Katika Kihispania, kama ilivyo katika Kiswahili, kitenzi hubeba alama ya nafsi, hivyo neno moja "hablo" hujitosheleza kwa maana ya "ninazungumza", ilhali Kiingereza, ambacho vitenzi vyake vimepoteza viambishi vingi vya nafsi, hudai kiima, yaani neno linalotaja mtenda, karibu katika kila sentensi ya taarifa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyezoea kusema "llueve" mvua inaponyesha huandika "is raining" badala ya "it is raining", akiliacha neno "it", ambalo hapo halirejelei kitu chochote bali hujaza tu nafasi ya kiima.

Maswali nayo hutofautiana: Kiingereza huhitaji kitenzi kisaidizi, mathalani "do" katika "Do you live here?", lakini Kihispania huweza kuuliza "¿Vives aquí?" kwa kiimbo, yaani upandaji na ushukaji wa sauti, pekee. Kwa hiyo mwaka 1754 Real Academia Española, taasisi inayosimamia lugha hiyo, iliidhinisha alama ya kuuliza iliyopinduliwa mwanzoni mwa swali, ili msomaji wa sentensi ndefu atambue kiimbo chake mapema.