Enda Tezi, Enda Omo: Kabla Hujachagua Chumba Melini

Usiku wa pili tangu tung'oe nanga Miami, bibi mmoja aliletwa zahanati ya meli kwenye kiti cha magurudumu, ndoo ndogo mapajani. Safari alilipiwa na mwanawe anayeishi Marekani, ambaye walisafiri pamoja. Nilipomwambia shikamoo alifumbua macho, maana hakutarajia kusikia Kiswahili katikati ya bahari ya Karibi. Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mimi nimezaliwa Lamu. Nimepanda jahazi kabla sijajua kusoma. Iweje bahari inilevye uzeeni, tena ndani ya meli kubwa kama mtaa mzima?"

Nimekuwa daktari wa meli za kitalii kwa miaka kadhaa, na swali lile ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Wasafiri wazoefu, wale wanaopanda meli mara mbili tatu kwa mwaka, nilikutana nao zaidi kwenye ngazi na meza za chakula kuliko zahanati. Afya zao hazikuwa bora kuliko za wengine. Walikuwa wameshajua mambo machache yanayoamuliwa kabla ya kupanda meli, na la kwanza ndilo alilouliza bibi.

Jibu limo ndani ya sikio. Ndani kabisa, kwenye mfupa, kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, na ubongo hupata habari kwamba mwili unazunguka. Jirani yake viko viungo viwili vidogo vinavyohisi kupanda na kushuka. Ukiwa chumbani melini, macho yanaona kitanda kimetulia, ukuta umetulia, taa imetulia; sikio linasema tunapanda, tunashuka. Habari mbili zinapingana, na kigegezi huanza. Mwaka 1882 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba viziwi wengi waliochunguzwa hawakuona kizunguzungu hata walipozungushwa. Sikio la ndani likiwa halifanyi kazi, ugomvi na macho haupo.

Jahazini bibi yetu alikaa sitahani, upepo usoni, akiiona bahari mpaka inapokutana na mbingu. Wimbi alilihisi kwa mwili na kuliona kwa macho kabla halijafika, na alikaa chini, karibu na maji. Miami alipewa chumba cha sitaha ya 14, mbele kabisa, mapazia yamefungwa, naye amelala akitazama televisheni. Mwanawe alimchagulia chumba kile kwa mapenzi, tena kwa bei kubwa, bila kujua kwamba alikuwa anamweka mahali panaposukwasukwa kuliko pote.

Wahenga wa pwani walisema enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani. Tunautumia msemo huu kuzungumzia watu na kwao, lakini aliyeutunga alikijua chombo. Omo, yaani mbele ya chombo, huinuka na kuzama, tezi, yaani nyuma, hivyo hivyo, kama watoto wawili kwenye ubao wa bembea, na ngama, chini katikati, iko pale ubao unapoegemea. Meli ya leo haijabadili kanuni hiyo. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20, na inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Bado aliye katikati ya urefu wake na chini yuko karibu na egemeo, na aliye juu mbele yuko kwenye ncha. Meli kubwa nyingi zina mapezi yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza kwenda mrama, yaani kuyumba upande kwa upande. Kazi hiyo huifanya vizuri. Kuinuka na kuzama kwa omo mapezi hayawezi kukuzuia, na ndiko kunakowamaliza watu.

Kwa hiyo anayejijua kuwa bahari humlevya achukue chumba cha katikati, sitaha za chini, chenye dirisha ili aone upeo wa bahari. Mara nyingi vyumba hivyo ni nafuu kuliko vya juu vyenye baraza, na hili huwafurahisha sana wazoefu. Wana na kanuni nyingine: kabla ya kulipa, fungua ramani ya sitaha uangalie kilicho juu na chini ya chumba chako. Vikiwa vyumba vingine vya kulala, utalala. Kikiwa bwawa, viti huburutwa alfajiri. Ukiwa ukumbi wa muziki, nguzo zitakuimbia mpaka usiku wa manane. Chumba cha chini mbele kabisa husikia nanga na mitambo ya kuisogeza meli gatini.

Dawa zipo, na zinafaa zikimezwa mapema. Dimenhydrinate inatakiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya meli kuanza kuyumba, cinnarizine kama saa mbili kabla. Mtu akishaanza kutapika tumbo huwa limesita, kidonge hukaa tu mle ndani, ndiyo maana usiku ule nilimchoma bibi sindano. Iko pia plasta ya scopolamine inayobandikwa nyuma ya sikio angalau saa 4 kabla, ikafanya kazi siku tatu. Wengi huisifu. Mimi siwapi wazee kwa urahisi, kwani inaweza kuwachanganya akili na kufunga mkojo, na mwenye presha ya macho anaweza kudhurika vibaya. Anayeibandika anawe mikono papo hapo. Akijigusa jicho, mboni itapanuka na ataona ukungu. Hata vile vidonge huleta usingizi, kwa hiyo mwenye dawa za kila siku amuulize daktari au mfamasia wake kabla ya safari. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara makubwa, basi tafuna. Wengi huzoea baada ya siku mbili tatu. Si wote: Charles Darwin alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, na bahari ilimtesa mpaka mwisho.

Jambo la pili ni mikono, na hapa naomba nisikilizwe vizuri.

Ugonjwa unaoogopwa melini ni wa kuhara na kutapika unaoletwa na kirusi kiitwacho norovirus. Jina lake limetokana na Norwalk, mji wa jimbo la Ohio, ambako mwaka 1968 ugonjwa uliikumba shule ya msingi, mbali na bahari yoyote. Idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaeleza kuwa milipuko ya melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya kirusi hiki inayoripotiwa kwao. Mingine hutokea mahospitalini, kwenye nyumba za wazee, shuleni. Ya melini inasikika zaidi kwa sababu meli zinazotia nanga Marekani zinalazimika kutoa hesabu ya wagonjwa, na wakifika asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia, hutangazwa. Idara hiyo pia huingia melini bila taarifa, ikapekua majiko, matangi ya maji na mabwawa, kisha ikatoa alama kati ya 100. Alama 85 kushuka chini ni kufeli, na matokeo yako wazi kwa yeyote. Wazoefu huyasoma kabla ya kulipa.

Kirusi hiki chembe chache tu zinatosha kukulaza, na dalili huanza kati ya saa 12 na 48. Kwenye mlango wa ukumbi wa chakula utakuta kitakasa mikono, na abiria wengi hupaka wakaona wamemaliza. Kitakasa chenye kileo hakiwezi norovirus ipasavyo. Kinachokiondoa ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kwa kuwa kirusi kinasuguliwa na kuchukuliwa na maji. Sisi tumelelewa na desturi ya mtoto kupita na birika na beseni, akimmiminia kila mgeni maji kabla ya chakula. Niliitazama foleni ya mamia ya watu wakishika kijiko kimoja cha kupakulia pilau, nikawaza namna birika lile lingenipunguzia kazi. Ushauri wangu ni kupakua kwanza, uweke sahani mezani, uende ukanawe, ndipo ule. Ukila mkate, matunda au kuku kwa mkono usionawa, unakula na alichokiacha yule aliyegusa kijiko kabla yako.

Ukishikwa, piga simu zahanati usitoke. Najua watu huficha kwa kuogopa kufungiwa chumbani na kupoteza siku walizolipia. Lakini mtu mmoja aliyeficha ugonjwa akaenda kula ukumbini anaweza kuwalaza wenzake wengi, wakiwemo wazee ambao kuishiwa maji mwilini kwao ni hatari ya kweli.

Zahanati yenyewe isikupe matumaini yasiyo yake. Tuna dawa za dharura, mashine za moyo, vitanda vichache. Upasuaji mkubwa hatufanyi, na huduma zinaingizwa kwenye hesabu yako ya melini. Bima ya afya ya nyumbani mara nyingi huishia mpakani; kutolewa baharini kwa helikopta kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kata bima ya safari inayotaja wazi kusafirishwa mgonjwa. Dawa zako za presha, za sukari, za pumu ziwe mkononi. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na huenda yakafika mlangoni kwako usiku, na nimeshamwona mgonjwa wa kisukari akisubiri insulini iliyokuwa imelala sitaha ya mizigo.

Karatasi nazo zina mtego unaowanasa sana wenye pasipoti za kwetu. Meli ya Barcelona hadi Barcelona ikipitia Tunis, au ya Ugiriki ikigusa Uturuki, imetoka eneo la Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja imeshatumika pale Barcelona, na kampuni ya meli inaweza kukukatalia kupanda siku ya kwanza. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja, ukiambatanisha ratiba ya bandari. Kadi ya manjano usiiache: visiwa kadhaa vya Karibi, Jamaika na Barbados vikiwemo, huidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano kama Kenya. Chanjo inakubalika kuanzia siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hakiishi muda.

Kisha saa. Meli ina saa yake, ambayo si lazima iwe sawa na ya bandari, wakati simu yako hujigeuza yenyewe ukishuka. Vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli. Msemaji wa Kiswahili ana hatari yake ya ziada, kwani akisoma 16:30 lazima kichwani iwe saa kumi na nusu, na nimewahi kumtafuta mtu aliyeikumbuka kama saa kumi za Kizungu. Ukiwa kwenye matembezi yaliyoandaliwa na meli, itakungoja. Ukijiendea mwenyewe ukachelewa, itaondoka, na utajilipia mpaka bandari inayofuata. Kule Santorini au Grand Cayman meli kubwa husimama nje, abiria wakashushwa kwa boti, basi hesabu na foleni ya boti. Bahari ikichafuka bandari ya namna hiyo hurukwa kabisa, na nahodha yuko sahihi.

Tena usikimbie zoezi la dharura. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda Civitavecchia jioni ileile, na zoezi lao lilikuwa halijafanyika, kwa kuwa sheria wakati huo iliruhusu kungoja hadi saa 24. Tangu Januari 2015 zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Honi ikilia milio saba mifupi na mmoja mrefu, miguu yako iwe inakijua kituo chako hata taa zikizimika. Itembee njia ya kufika hapo mara mbili, pamoja na watoto.

Bibi wa Lamu tulimhamishia chumba cha sitaha ya 4, katikati. Asubuhi mwanawe alimkalisha nje kwenye kivuli, akimlisha biskuti kavu na chai ya tangawizi, macho yake kwenye upeo wa bahari. Siku ya tatu alikula samaki. Wiki moja baada ya kushuka, mwanawe alinipigia simu kwa wasiwasi: mama akifumba macho bafuni anahisi kuta zinasogea, akijilaza kitanda kinapanda na kushuka. Nilimweleza kuwa ubongo ukishaizoea bahari huchukua muda kuisahau mtu akirudi nchi kavu. Kwa wengi hali hiyo huisha siku chache, na ikipita mwezi ampeleke kwa daktari. Nikamsikia bibi nyuma yake akitaka simu. "Mwanangu," akasema, "nchi hii nayo inakwenda mrama. Nishike wapi?" Nikamwambia ashike bomba la maji, afumbue macho, atazame dirishani.