Bima ya Gari: Stika ya Kioo Yaahidi Nini?

Wengi miongoni mwa wenye magari hununua bima kama wanunuavyo chumvi: haraka, kwa bei ndogo iwezekanayo, na bila kusoma kilichoandikwa. Stika ikiisha kubandikwa kwenye kioo cha mbele moyo hutulia, kwa kuwa askari wa barabarani hana tena la kuuliza. Twaona ni vema tueleze kile ambacho hati hiyo yaahidi na kile isichokiahidi, maana tofauti yake hujulikana kwa kawaida siku ya ajali, wakati ambapo kuijua hakufai kitu.

Hapa Uganda sheria ya mwaka 1989 yamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyekuwa akipita zake: mpanda baiskeli, mama atokaye sokoni, mtoto wa shule. Bima hiyo ya lazima yahusu kifo na majeraha ya mwili tu. Ukibomoa ukuta wa duka la watu, haikulipii. Na gari lako mwenyewe halimo kabisa. Tena sheria ile iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja na 10,000,000 kwa ajali moja. Mwaka 1989 fedha hizo zilikuwa na uzito. Lakini shilingi imeshuka mno tangu hapo. Mahakama ikimpa mjane haki ya fidia kubwa zaidi, ziada yamwangukia mwenye gari, yeye na shamba lake. Wenzetu wa Kenya waliweka kikomo cha shilingi 3,000,000 za kwao kwa mtu mmoja. Msomaji na apime mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hatuoni kuwa bima ya lazima yamtosha mtu ambaye gari ndilo riziki yake. Ipo ya katikati, iongezayo moto na wizi, na ipo bima kubwa, ambayo hulipia pia gari lako likipinduka au kugongwa. Ada ya bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na hapo ndipo hila ya kujidanganya huanzia. Mtu ana gari la shilingi milioni 20, naye aandikisha milioni 10 ili apunguze ada. Gari laharibika, matengenezo ni milioni 4. Iko mikataba yenye sharti kwamba aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara: atapata milioni 2, na hata hizo zitapunguzwa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba wamtaka abebe mwenyewe. Kuandikisha thamani ya kupita kiasi nako hakuna faida, kwani gari likiibwa kampuni hulipa bei ya soko.

Jambo jingine ni matumizi. Gari lililoandikishwa kuwa la binafsi, kisha likachukua abiria wa kulipa Jumamosi kwenda harusini, laweza kukosa fidia yote. Wakala ana haraka ya kuuza. Hatamkumbusha mteja jambo hili asipoulizwa.

Kwa madereva wavukao mpaka iko Kadi ya Njano, iliyoanza kazi mwaka 1987, kabla COMESA yenyewe haijaundwa mwaka 1994. Tanzania ilitoka katika umoja huo mwaka 2000, lakini kadi hiyo huitambua. Kadi hutolewa na kampuni yako ya nyumbani, nayo hulipa madai ya mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya nchi ilikotokea ajali, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Lori lenyewe halimo. Basi mwenye lori liendalo Mombasa au Kigali aulize kabla ya safari kama bima yake kubwa yavuka mpaka pamoja naye, au huishia Malaba na Katuna; na jibu alipate kwa maandishi, lenye muhuri wa kampuni.