Kutoka Solfa hadi Mistari Mitano: Njia ya Mtunzi Mpiga Tarumbeta Mkoani Katavi

Muziki wa klasiki wa kisasa, yaani ule ambao mtunzi aliye hai huuandika nota kwa nota kabla haujapigwa, haujengi watunzi wake katika vyuo vikuu peke yake, kwani kwa mpiga tarumbeta wa Tanzania ya magharibi shule ya kwanza mara nyingi huwa kanisa. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, imeungana na Tabora kwa reli iliyojengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya machimbo ya risasi, na katika ukanda huo Kanisa la Moravian, lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891 na Urambo mwaka 1898, limetunza desturi iliyokuzwa Herrnhut, Ujerumani, tangu karne ya 18, ya kupuliza matarumbeta kwa sauti nne ibadani, mazishini na makaburini alfajiri ya Pasaka.

Kinachomchelewesha kijana mwenye kipaji si pumzi wala sikio, bali maandishi. Kwaya nyingi hufundishwa kwa solfa, mfumo wa do, re, mi ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambamo do huhama kufuata ufunguo wa wimbo. Mfumo huo humfaa sana mwimbaji, lakini tarumbeta hudai zaidi. Ala hiyo ina vali tatu tu, sauti nyingine zote zikitokana na midomo na msukumo wa pumzi, na ile ya kawaida ya bendi husikika toni moja chini ya nota iliyoandikwa, hivyo mtunzi anayetaka C isikike hana budi kumwandikia mpigaji D kwenye mistari mitano ya nota. Baada ya maandishi huja suala la riziki: ajira ya kudumu kwa wapulizaji hupatikana zaidi katika bendi za majeshi. Utunzi wenyewe hauna mshahara.

Hata hivyo njia hii imekwisha kupitiwa na wengine. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1963, kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, naye Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951 na kufundisha Makerere, aliandika kwa ajili ya ala nne za nyuzi kazi iliyojengwa juu ya muziki wa Kiganda, ambayo sehemu yake ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet la Marekani katika albamu ya mwaka 1992. Kiganda chenyewe ni lugha yenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Mtunzi wa Katavi anayejua lugha ya namna hiyo anaweza kuziandikia vali tatu mwendo wa maneno ya nyumbani kwao, hata pale ambapo hakuna anayeyaimba.